Kikao cha Kufuta Cheti cha Marehemu

Katibu hakuamini kwamba jambo limetokea mpaka lifanyiwe kikao. Mvua ikianza Ekero, watu walikimbia kuanua nguo na mahindi. Yeye alisimama mlangoni akiuliza ni nani aliyeiona ikianza, na kama kuna mwingine wa kuthibitisha. Nilimjua miaka mingi na sikuwahi kumsikia mtu akimwita kwa jina. Watoto wake walimwita Katibu. Mkewe alimwita Katibu, hata akimgombeza. Nilipouliza alikuwa katibu wa nini hasa, kila mtu alikuwa na jibu lake: wa wakulima wa miwa, wa kanisa, wa kamati ya mazishi, wa kikundi cha akina mama wafuga kuku. Hao wa mwisho walimchagua kwa sababu kila walipokutana walimkuta ameshaketi.

Mimi nilifika pale nikipakia miwa kwenye matrekta. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo nimefanya kazi za kila namna isipokuwa ile ya kukaa mahali pamoja. Nilimwomba Katibu chumba chake cha nyuma nilale kwa muda. Akasema suala langu litajadiliwa, akaniomba nitoke nje. Ndani alibaki peke yake. Nilisimama uani nikamsikia akijadili. Kulikuwa na upinzani mkali kidogo kuhusu mtu asiyejulikana kwao, halafu upande wangu ukashinda, akatoka na kunipa mkono wa pongezi.

Kazi yake ya uzeeni ilikuwa kompyuta. Alikodi kijumba kilichopakana na mashine ya kusaga unga, akaweka meza, viti vitatu na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya zamani. Watu walimjia wakitaka kuomba vitambulisho, kutazama matokeo ya mitihani, na zaidi ya yote kuzungumza kwa video na ndugu zao walio mbali. Posa nyingi za Ekero zilipita mbele ya kamera ile. Mashine ya jirani ikinguruma, meza nayo ilitetemeka, na wajomba walioko ng'ambo waliona wenzao wakitikisika kama walio kwenye trekta. Unga uliingia kila mahali. Katibu alifuta kamera kwa brashi ya kunyolea ndevu, lakini bado wakwe wengi walionana mara ya kwanza wakiwa weupe kama watu waliofukuliwa.

Tena kulikuwa na suala la heshima. Katibu hakuweza kumsalimia mtu akiwa ameketi. Uso wa mgeni ulipotokea tu kwenye kioo, aliinuka wima, akavua kofia, akatoa salamu ndefu. Kule upande wa pili hawakuona kofia wala kichwa. Waliona mkanda wake. Kijana mmoja aliporudi likizo kutoka nchi za baridi alimpita Katibu sokoni bila kumtambua, akageuka, akautazama mkanda, ndipo akamkumbatia.

Alikuwa mzee wa kanisa, lakini akienda Mumias aliwajibu Waislamu "Waaleikum salaam" kabla hawajamsalimia, ili kuokoa muda. Huo ndio muda pekee niliowahi kumwona akiuokoa. Alichukia ushirikina waziwazi, alihubiri dhidi yake, na bado hakufungua laptop ya mtu bila kwanza kubisha hodi kwenye mfuniko. Nilimuuliza anambishia nani. Akasema hodi haibishwi kwa sababu kuna mtu ndani. Inabishwa kwa sababu wewe uko nje.

Alikuwa na misemo ya namna hiyo, mingine mizuri, mingine ya ovyo. "Usiniambie kimeharibika, niambie kilikuwa na nani." "Mtu mmoja hawezi kukosea, anaweza tu kupotea." Ukimpinga, alikubali haraka sana, kisha akaomba jambo liahirishwe.

Ujuzi wake wa mitambo ulikuwa wa mabaka. Aliamini kwamba moshi wa kuchoma miwa hupunguza nguvu za mtandao. Aliamini laptop ikibebwa kichwa chini, maandishi hujikusanya upande mmoja. Jambo moja tu alilielewa vizuri, kwa sababu fundi mmoja wa Kakamega mjini alimweleza kwa kikombe cha chai, na Katibu hakusahau chochote alichoelezwa kwa chai. Jambo hilo ni vyeti vya ndani ya kompyuta.

Alinieleza hivi. Programu za kuongea kwa video, hasa zile za maofisi, haziulizi neno la siri kila siku. Ukiingia mara ya kwanza ukakubaliwa, zinaweka ndani ya mashine cheti cha usalama chenye jina lako. Kesho yake programu inatoa hicho cheti, na mlango unafunguka. Kama askari wa getini kule kiwandani, Katibu alisema, ambaye anakaa na beji yako mfukoni na kila asubuhi anaitoa yeye mwenyewe kwa niaba yako. Shida inaanza mashine ikipata mwenyewe mwingine. Mgeni anaandika jina lake, anaandika neno lake la siri sawasawa, lakini askari anatoa ile beji ya zamani, majina hayafanani, mgeni anafukuzwa. Watu hubadilisha neno la siri mara nyingi mpaka wanalia. Dawa ni kufunga programu, kufungua mahali vyeti vinapohifadhiwa, kuingia kwenye folda ya vyeti binafsi, kukitafuta chenye jina la zamani na kukifuta. Kisha unaingia upya kwa jina lako. Ni kazi ya muda wa kuchemsha yai.

Nilimwona akiifanya kwa walimu, kwa karani wa ushirika, kwa mtoto wa pasta. Alibisha hodi, akafuta, wakaingia. Kwa hiyo hakuna aliyetarajia kwamba cheti kimoja kingekuja kuukalisha ukoo mzima chini.

Mdogo wake Katibu alifanya kazi katika ofisi moja mjini Kakamega. Alifariki kwa ugonjwa wa ghafla, akazikwa nyumbani kwake, njia ya kwenda Shianda. Ofisi ikampa mjane laptop aliyokuwa akiitumia, iwe pole. Mjane huyu, Mama Nafula, hakuwa na haja nayo mwanzoni. Aliifunika na kuiweka juu ya kabati. Haja ilikuja alipoomba kazi ya matroni katika shule ya bweni ya wasichana kule Lugari. Walimjibu kwamba wangemhoji kwa video, kwa sababu wenye shule hawakukaa mahali pamoja, wakamtumia jina la kuingilia na neno la siri. Simu yake ilikuwa ya vitufe. Yangu kamera yake ilivunjika nilipoanguka nayo shambani. Kompyuta ya Katibu ilikuwa imelala kwa fundi. Ikabaki ile ya marehemu.

Kazi hii aliitaka kwa sababu ambayo hakuificha. Tangu mumewe azikwe, ukoo ulikuwa umemjadili. Alijadiliwa kuhusu shamba, kuhusu ng'ombe, kuhusu ni shemeji gani "atamwangalia". Kila alipopeleka chai alikuta wamenyamaza. Aliniambia siku moja, tukichambua maharagwe, kwamba alitaka kufika mahali ambapo akiingia chumbani watu wanaendelea kuongea.

Basi aliileta laptop kwa Katibu. Katibu akabisha hodi, akafungua, na kabla Mama Nafula hajaandika herufi moja, programu ikafunguka yenyewe. Juu kulikuwa na jina la marehemu, na pembeni ya jina kidoti cha kijani, maana yake yupo na anapatikana. Ofisi ilikuwa imeshamwondoa kazini kama inavyotakiwa, lakini kile cheti kilichobaki ndani kilikuwa hakijaisha muda wake, na askari aliendelea kufungua geti.

Tukatazamana. Mara ukaingia ujumbe kutoka kwa mtu wa nchi nyingine, aliyewahi kufanya kazi naye na hakuwa na habari ya msiba. Alimsalimia marehemu, akasema amefurahi kumwona, alimtafuta sana.

Mama Nafula alishika mdomo. Katibu alivuta kiti, akaandika kwa vidole viwili: "Ujumbe umepokelewa. Mhusika hayupo kwa sasa."

Yule mtu akauliza atarudi lini.

Katibu akaandika: "Suala hilo liko juu ya uwezo wa ofisi hii."

Mama Nafula alijaribu kuingia kwa jina lake. Akakataliwa. Akajaribu tena. Akakataliwa. Mimi nikasema, si ni cheti tu, Katibu, kifute. Katibu akatoa mikono yake kwenye meza.

"Hicho ni kitu cha marehemu," akasema.

Kwao, vitu vya aliyefariki haviguswi hovyo. Baada ya maziko watu hunyolewa, kisha ukoo huketi pamoja na mjomba wa marehemu, na kila kitu hupata wa kukichukua. Kwa marehemu huyu mambo yalikwisha vizuri. Koti lilichukuliwa na binamu mmoja, ambaye alilivaa pale pale na hakuwahi kulivua tena. Baiskeli ilikwenda kwa mjomba. Kigoda kilibaki kwa watoto. Lakini cheti, Katibu alisema, hatukukijua, na kwa hiyo hatukukigawa. Kukifuta kabla ya kugawa ni kumwibia marehemu. Lazima kikao kifunguliwe tena.

Mama Nafula alimwambia mahojiano ni Alhamisi, saa nane mchana. Katibu akasema basi kikao kitakuwa Alhamisi asubuhi, ili kila kitu kifanyike siku moja. Alimpa matumaini hayo kwa uso mkunjufu kabisa. Laptop ikalala kwake kwa usalama.

Asubuhi ya pili nilipita kuomba moto wa kuwashia jiko nikamkuta ameiweka mbele yake, imefunguliwa, jina la mdogo wake juu na kile kidoti. Hakuwa akifanya lolote. Nilimuuliza anatafuta nini. "Nahakikisha tu," akasema. Nikachukua moto wangu nikaondoka. Asubuhi iliyofuata alikuwa akihakikisha tena.

Alhamisi walikuja. Mjomba, mzee wa Shianda mwenye masikio mazito, alifika kwa baiskeli ile ile ya marehemu. Mwenye koti alifika na koti. Wengine walijaza sebule ya Mama Nafula mpaka dirishani. Laptop iliwekwa katikati, juu ya stuli, chini ya kitambaa cha kufuma. Mimi nilikaribishwa kwa sababu mtandao ulitoka kwenye simu yangu. Stima ilikuwa imepotea tangu alfajiri, kwa hiyo mashine ilitumia betri, na Katibu alianza kikao kwa maombi marefu huku betri ikila.

Mjomba alitaka kwanza kukiona hicho cheti. Katibu akafunua kitambaa, akabisha hodi, akafungua folda. Palikuwa na mstari mmoja wa maandishi. Mjomba akainama mpaka pua ikagusa kioo, akauliza kama kinaweza kufungwa kwenye kabebeo ka baiskeli. Akaambiwa hapana. Akauliza sasa mtu atakipelekaje nyumbani.

Mwenye koti alisema yeye hana shida ya usafiri. Kitu chenye jina la mtu hukaa mfukoni, na mfuko wa marehemu ulikuwa wake kihalali, kwa hiyo cheti kilikuwa kimeshagawiwa pamoja na koti na kilichobaki ni kumkabidhi. Mwingine akapinga kwamba hiki ni kama kigoda, kwa sababu mtu hukikalia kazini. Wakaanza kuulizana kama cheti huvaliwa au hukaliwa. Katibu aliwapa nafasi wote, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alipomaliza alimwomba arudie kwa faida ya mjomba.

Mama Nafula alipita na chai. Alipita tena na obusuma na ingokho, ugali na kuku, na Katibu akatangaza kwamba firigisi ni ya mjomba, jambo ambalo halikuwa na mpinzani. Saa nane ikakaribia. Alama ya betri ikawa nyekundu. Nilimnong'oneza Katibu. Akanijibu kwa sauti kwamba wageni watapewa nafasi mwishoni.

Ndipo Mama Nafula alipoweka birika chini na kubaki amesimama.

"Katibu, naomba kuongea."

Katibu akatazama huku na huku, akampa nafasi.

"Nauliza wazee. Kitu cha marehemu kikikosa mtu wa kukichukua, tunafanyanga nini?"

Wakamwangalia mjomba. Mjomba alihitaji kurudiwa swali, kisha akajibu bila kusita, kwa kuwa hili alilijua tangu ujana: kama nguo haimtoshi mtu, kama kitu hakibebeki, mjane hukiondoa mwenyewe, hukichoma au hukitupa mtoni, na hakuna wa kumuuliza.

"Na hiki kuna mtu anaweza kukibeba?"

Mwenye koti aliingiza mkono mfukoni, akautoa mtupu.

"Basi," akasema Mama Nafula.

Katibu aliuliza kama kuna anayeunga mkono. Mjomba akainua mkono, naamini kwa sababu aliona wingu na alikuwa na baiskeli. Mama Nafula alipiga magoti mbele ya stuli, akabonyeza palipoandikwa futa. Mashine ikamuuliza kama ana uhakika. Katibu aliinua kidole, kama mtu mwenye hoja ya utaratibu, kidole kikasimama hewani, macho yake yako kwenye jina la mdogo wake. Mama Nafula alimngoja kidogo. Alimngoja kweli, nilimwona. Kisha Katibu akateremsha mkono na kuuweka gotini, na Mama Nafula akabonyeza ndiyo.

Aliandika jina lake. Mlango ukafunguka mara ya kwanza.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyefunga kikao. Wenye shule walipotokea kwenye kioo walikuta wazee wameketi safu mbili, wamewakazia macho, na katikati mkanda wa Katibu uliokuwa ukiwasalimia. Mwenyekiti wao, mama mwenye miwani, aliuliza ni nani kati yetu anayeomba kazi. Mama Nafula akajitambulisha. Aliulizwa atafanya nini wasichana wakipigana bwenini. Kabla hajafungua mdomo mjomba akajibu kwamba wapewe kazi ya kupalilia, wote, hata ambao hawakupigana. Mwenye koti akasema inategemea chanzo. Katibu akapendekeza kamati.

Mama Nafula aligeuka. Hakupaza sauti.

"Wazee, hapa naulizwa mimi."

Ikawa kimya ambacho sijawahi kukisikia katika ukoo ule. Hata kijiko hakikugonga kikombe. Akageukia kioo, akajibu swali, na la pili, na la tatu, na la mwisho alilijibu harakaharaka kwa sababu mashine ilikuwa inalia. Ikazima akiwa anasema asante.

Kazi alipata. Katibu alishikilia mpaka mwisho kwamba ni kwa nguvu ya ushauri uliotolewa na kikao. Mimi nafikiri yule mama mwenye miwani alisema moyoni kwamba anayeweza kuwanyamazisha wale, wasichana hawatamshinda.

Muda si mrefu nami nikaondoka Ekero, kama kawaida yangu. Baadaye nilifuata mavuno Lugari, nikipakia magunia ya mahindi, na siku moja lori letu likapeleka mzigo kwenye shule moja ya wasichana. Kwenye benchi la wageni, nje ya jikoni, ameketi Katibu, kofia gotini. Alikuwa amekonda, lakini alinyanyuka wima kunisalimia.

"Mulembe. Umekuja kutembea?" nikamuuliza.

"Nimetumwa," akasema.

Ukoo ulikuwa umeketi Jumamosi. Waliona nyumba ya Mama Nafula imefungwa, mchwa wanaila, na mwenyewe yuko Lugari. Wakaazimia nyumba hiyo apewe mwenye koti. Katibu ametumwa amjulishe. Nikamuuliza yeye alisimama upande gani.

"Katibu hapigangi kura," akasema, akatazama pembeni.

Mama Nafula alitoka jikoni na gambuti miguuni na funguo kiunoni. Alimsalimia shemeji yake kwa heshima zote, akamuuliza hali ya mkewe, kuku, kanisa. Kisha akasikiliza azimio lote akiwa amesimama.

"Mlikaa lini?"

"Jumamosi."

"Nani aliniita?"

Katibu akapangusa kofia. "Hakuna aliyekuita."

"Basi hamkukaa, shemeji. Mlikunywa chai tu."

Sijamwona mzee akifurahi vile. Uso wake wote ulifunguka. Alisema hivyo ndivyo alivyowaambia, neno kwa neno, mjane akiwa hai na hajaitwa hakuna kikao, wakamwambia hayo ni maneno yake. Kwa hiyo alipanda magari mawili na pikipiki aje ayasikie kwa Mama Nafula, ayarudishe yakiwa maneno ya mjane mwenyewe.

"Wapelekee," akasema Mama Nafula. "Na uwaambie nyumba ina mwenyewe. Nafula anakuja likizo na ufunguo. Wakitaka kunijadili waniite, nitakuja, nitaketi."

"Utaketi wapi?" akauliza Katibu, kwa sababu mambo kama hayo kwake ni muhimu.

"Mahali wewe unaketinga."

Katibu alilitafakari hilo. Nilidhani ataomba liahirishwe. Akasema, "Sawa."

Kengele ya chakula ikalia. Wasichana wakatoka madarasani kwa kelele, wakamwona matroni wao, wakajipanga kimya. Mama Nafula akamwonyesha Katibu zilipo sahani, akarudi jikoni. Katibu alichukua sahani yake akaenda kusimama nyuma ya mstari. Msichana aliyekuwa mbele yake akageuka, akamwambia kama amwambiavyo babu yake, "Guka, pita mbele, wewe ni mgeni." Katibu alitazama mlango wa jikoni. Akamwambia hapana, asante, akabaki pale pale na kofia kwapani, akisogea kila mstari uliposogea.